Probox ya 2012 au ya 2019? Mwezi wako mbaya ndio uamue

Kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu, mtu akitafuta gari la kazi swali la kwanza huwa ni lile lile: ni la mwaka gani? Haulizi kwanza injini ikoje, limekuwa likibeba nini, au nani aliyekuwa nalo. Anauliza mwaka. Na mara nyingi gari lenyewe ni Probox, kwa sababu ndiyo inayobeba kabichi, maziwa, vifaranga, mitungi ya gesi na, ikifika Jumamosi, watu wa harusi.

Hapo ndipo ubishi huanza. Kuna wale wa ya kale ni dhahabu, wanaokuambia Probox za zamani zilikuwa chuma na hizi za sasa ni mkebe. Halafu kuna wale wa kipya kinyemi ingawa kidonda, wanaokuambia ukinunua gari kuukuu umenunua fundi. Utawasikia gereji, utawasikia kwa chama, utawasikia hata kanisani baada ya ibada.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinaanzia mahali pasipofaa. Gari la kazi huchaguliwa na pesa inayoingia na kutoka kila siku, na hasa na pesa ya ule mwezi ambao kila kitu kilienda vibaya. Mwezi huo unao tayari. Umeandikwa ndani ya simu yako, kwenye stetimenti ya pesa za simu, na pengine hujawahi kuufungua. Nunua gari la mwaka ambao mwezi wako mbaya unaweza kuubeba. Mengine yote katika makala haya ni kueleza kwa nini nasema hivyo.

Kwanza, mwaka upi?

Gari lililotumika Japani lina miaka mitatu tofauti, na muuzaji hukutajia ule unaompendeza.

Kuna mwaka lilipotengenezwa. Kuna mwaka liliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza. Na kuna mwaka liliposajiliwa hapa Kenya, ambao ndio unaoonekana kwenye namba pleti. Watu wengi hapa kwetu husoma umri wa gari kwa herufi za pleti. Ukisikia “hiyo ni KD,” unafikiri gari ni la juzi.

Sasa tazama sheria. Shirika la Viwango, KEBS, haliruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2026, gari lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Mwaka 2020 mpaka ulikuwa 2013. Kwa hivyo gari lililosajiliwa Kenya mwaka 2020 linaweza kuwa la 2013, na la jirani yake lililosajiliwa wiki hiyo hiyo likawa la 2017. Pleti zinafuatana, umri umepishana miaka minne. Pleti mpya haifanyi gari kuwa jipya.

Sheria hiyo ina maana nyingine ambayo mnunuzi anafaa kuijua. Probox ya umbo la zamani, ile iliyotengenezwa tangu 2002 hadi Toyota walipoibadilisha 2014, haiwezi tena kuingizwa. Mlango wake ulifungwa kabisa Januari 2022. Kwa hivyo ukiambiwa “hii ya zamani imetoka Japani juzi tu,” elewa kwamba hata ile ya mwisho kuingia imekaa kwenye barabara zetu miaka kadhaa. Imepanda Othaya ikiwa na mizigo, imelala kwenye tope la Tetu, imekimbizwa kwenda Nairobi alfajiri. Huinunui kutoka Japani. Unainunua kutoka kwa mtu, na mtu huyo ndiye wa kuchunguza.

Gari lenyewe lilibadilika kiasi gani?

Chini ya wengi wanavyofikiri. Sura ya mbele ilibadilika 2014, dashibodi ikabadilika, na gia zikawa za CVT. Lakini ukichukua Probox ya petroli ya 1500cc, ya zamani na iliyokuja baada ya 2014 zote zina injini ya 1NZ-FE. Ni injini ile ile ambayo fundi wako ameifungua kwenye Fielder na Premio ndogo mara mia. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road kule Nairobi, na nyingi utazipata Nyeri mjini bila kusafiri. Mwishoni mwa 2018 ikaja pia ya mseto, inayotumia petroli na umeme. Hiyo ni habari nyingine kabisa kwa fundi na kwa mfuko wako.

Tofauti kubwa ya kila siku ni gia. Ya zamani ina gia za mkono au otomatiki ya kawaida. Ya baadaye ina CVT, ambayo ni laini na inabana mafuta, lakini inataka oili yake maalum na haipendi kubebeshwa mzigo wa lori kwenye mlima. Ukinunua mpya ili uipakie gunia kumi za viazi kupanda milima, unalipia ulaini halafu unaua kitu kinachouleta.

Basi bei inatofautiana sana kwa nini, kama injini ni ile ile? Sehemu kubwa ni kodi. Kwa viwango vya sasa, gari lililotumika likiingia linatozwa ushuru wa forodha asilimia 35. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc. Juu ya jumla hiyo kuna VAT ya asilimia 16. Halafu ada ya tangazo la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2.

Fanya hesabu ya kila Sh100 ya thamani ambayo KRA imelipa gari. Forodha inachukua 35, tumefika 135. Ushuru wa bidhaa ni 27, tumefika 162. VAT ni karibu 26. Ongeza zile tozo mbili, 4.50. Jumla ya kodi ni karibu Sh92 kwa kila Sh100. Na kwa kuwa KRA hupunguza thamani kadiri gari linavyozeeka, gari la mwaka wa karibu linatozwa kwa thamani kubwa zaidi. Kwa hivyo tofauti ya bei unayoiona yadi si yote imeingia kwenye chuma. Nyingine imeenda serikalini, na haitakubebea hata kabichi moja.

Hesabu ya watu wawili

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufundishia tu, usizichukue kama bei ya soko. Weka zako mahali pake.

Wafanyabiashara wawili wa Karatina, kila mmoja ana Sh350,000 za kuanzia. Gari likifanya kazi siku nzima, baada ya mafuta na dereva, linabakisha Sh2,300.

Wa kwanza ananunua Probox ya 2012 kwa Sh550,000. Anakopa Sh200,000 kwenye Sacco kwa mwaka mmoja, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Analipa kama Sh17,770 kila mwezi. Bima ya mtu wa tatu, tuseme Sh12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Gereji inamla Sh9,000 kwa mwezi, na gari linafanya kazi siku 22.

Wa pili ananunua ya 2019 kwa Sh1,250,000. Anakopa Sh900,000 kwa miaka mitatu, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Analipa kama Sh32,540 kila mwezi. Mkopeshaji anadai bima kamili, tuseme Sh70,000 kwa mwaka, karibu 5,830 kwa mwezi. Gereji ni Sh4,000, na gari linafanya kazi siku 25.

Mwezi wa kawaida, wa kwanza anaingiza 50,600 na kubaki na karibu Sh22,800. Mwaka ukiisha na mkopo umekwisha, anabaki na Sh40,600 kila mwezi. Wa pili anaingiza 57,500, zaidi ya mwenzake, lakini anabaki na karibu Sh15,100, na itakuwa hivyo kwa miezi 36.

Baada ya miaka mitatu, tuseme gari la kwanza linauzika kwa Sh380,000 na la pili kwa Sh850,000. Jumlisha kila kitu. Mwenye gari la zamani ametangulia kwa karibu Sh234,000.

Sasa usikimbie kununua la zamani. Gawanya hiyo 234,000 kwa miezi 36. Unapata Sh6,500. Maana yake ni kwamba gereji ya gari la zamani ikipanda kutoka Sh9,000 hadi Sh15,500 kwa mwezi, faida yote imekwisha na wako sawa. Ikipita hapo, la zamani ndilo ghali. Shilingi 6,500 kwa mwezi ni shokabsoba na tairi moja. Ndiyo sababu nasema mwaka peke yake haukuambii kitu. Probox ya 2012 iliyotunzwa na mwalimu wa Mukurwe-ini na Probox ya 2012 iliyobebeshwa mawe Kieni ni magari mawili tofauti.

Ule mwezi mbaya

Hapa ndipo nina msimamo mkali. Hesabu ya mwezi wa kawaida hainipi wasiwasi. Nauogopa ule mwingine.

Sisi wa milimani tunaijua miezi hiyo. Mvua ya Aprili na Mei ikinyesha vizuri, barabara ya kwenda shambani inageuka kinamasi na gari halifiki. Kabichi zikijaa soko zote kwa wakati mmoja, bei inaanguka na hakuna anayelipa usafiri. Januari, pesa yote imeenda karo. Mtoto akilazwa, gari linasimama kwa sababu wewe ndiye dereva.

Wachukue wale wafanyabiashara wawili, uwape mwezi wa siku 12 za kazi tu. Kila mmoja anaingiza Sh27,600. Wa kwanza, akiwa bado analipa Sacco, anakosa kama Sh170. Anakopa kwa dada yake, mambo yanaendelea. Wa pili anakosa karibu Sh14,800. Hiyo haikopeki kwa dada. Hapo ndipo mtu hufungua mkopo wa simu ili alipe mkopo wa gari, halafu mwezi unaofuata ana mikopo miwili. Miezi miwili mibaya ikifuatana, logibuku iko kwa mkopeshaji, na gari linaweza kuchukuliwa likiwa limeshalipiwa zaidi ya nusu.

Ukipoteza gari namna hiyo hupotezi gari peke yake. Ile Sh350,000 ya mwanzo huwa imetoka mahali: bonasi ya chai ya mama, ng'ombe wawili, akiba ya chama ya miaka minne. Gari likichukuliwa, hizo zimeenda nalo.

Kwa hivyo kabla ya kwenda yadi, fanya kazi hii ya jioni moja:

Omba stetimenti yako ya pesa za simu ya miezi 12. Sita haitoshi, kwa sababu itaficha msimu mmoja. Stetimenti inapatikana kwenye programu ya simu, na inakuja kwa barua pepe.

Tenga pesa ya biashara na ile isiyo ya biashara. Mchango wa mazishi uliopitia kwako si mapato. Pesa ya chama uliyopokea kama mweka hazina si mapato. Aliyokutumia ndugu yako aliye Dubai si mapato. Hapa watu wengi hujidanganya bila kujua, maana jumla ya pesa zilizoingia huonekana kubwa kuliko biashara yenyewe.

Kwa kila mwezi, toa gharama za biashara na za nyumbani. Andika kilichobaki.

Sasa zungushia duara mwezi uliobakisha kidogo zaidi. Huo ndio mwezi wako mbaya. Malipo ya mkopo wa gari, bima na gereji vikijumlishwa visizidi kilichobaki mwezi huo, ukiongeza kile ambacho gari lenyewe litaleta katika siku 12 tu za kazi.

Kama biashara yako ya sasa unalipwa pesa taslimu mkononi, stetimenti haitakuwa na kitu cha kukuonyesha. Anza leo kupokea kwa nambari ya Till, hata kama ni mteja wa Sh50. Baada ya miezi sita utakuwa na kumbukumbu ambayo Sacco inaweza kuisoma, na muhimu zaidi, ambayo wewe mwenyewe huwezi kuibishia.

Lini la mwaka wa karibu lina haki yake?

Nisionekane kama natangaza magari makuukuu. Kuna watu ambao la 2019 ndilo sahihi, na kuwaambia wanunue la 2012 ni kuwaharibia.

Wa kwanza ni mwenye mkataba. Kama unapelekea hoteli ya Nanyuki mboga kila siku saa kumi na mbili asubuhi na unalipwa kila mwezi, siku moja ya gereji si hasara ya Sh2,300. Ni hasara ya mteja. Mapato yako yanajulikana, mwezi wako mbaya si mbaya sana, na unalipia uhakika wa kufika.

Wa pili ni wa safari ndefu. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150. Ukienda na kurudi mara nne kwa wiki, gari linalobana mafuta linarudisha pesa yake, na gari linalozima usiku njiani linakuweka hatarini wewe na unaowabeba.

Wa tatu ni yule anayeweza kulipa zaidi ya nusu bila mkopo na bado akabaki na akiba. Hapo riba haimli, na mjadala unakuwa wa kawaida tu.

Na kuna mtu wa nne ambaye hakuna muuzaji atakayemtaja: yule asiyefaa kununua kwa sasa. Kama mwezi wako mbaya hauwezi kubeba hata la 2012, kodisha. Mlipe mwenye gari kwa safari, andika kila safari, mlipe kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Baada ya msimu mzima utajua ni siku ngapi kweli una kazi ya gari. Nimesomea masoko chuo kikuu, na naweza kukuambia kwamba upya ni kitu rahisi sana kuuza. Muuzaji hahitaji kueleza mengi. Anakufungulia mlango unuse viti. Kinachouzika kwa shida ni kungoja, na hakuna anayelipwa kamisheni kwa kukuambia ungoje.

Kabla hujatuma hata shilingi

Ukishaamua, sasa ni pesa kutoka kwa simu yako kwenda kwa mtu usiyemjua. Fuata haya kwa mpangilio, awe ni broka wa Chaka au yadi yenye viyoyozi.

Tafuta rekodi ya gari. Kupitia eCitizen, NTSA itakupa taarifa za gari kwa Sh550. Linganisha mwaka wa kutengenezwa, nambari ya chesisi na jina la mwenyewe na unachokiona mbele yako. Malipo ya serikali huenda kwenye Paybill 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi akulipie “search”, mwache.

Angalia kama gari limewekwa rehani. Mara nyingi mkopeshaji huandikwa kwenye logibuku pamoja na mwenye gari. Lakini tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia sajili ya serikali ya mali zilizowekwa rehani. Uliza humo pia. Gari linaweza kuwa zuri kabisa, lina deni la mtu mwingine.

Linganisha majina matatu. Jina kwenye logibuku, jina kwenye kitambulisho, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo. Yote yawe ya mtu mmoja. Lile jina linalotokea kwenye skrini halikuwekwa kwa mapambo. Lisome pole pole. Ukiambiwa “tuma kwa ya mke wangu, yangu imejaa,” simama hapo. Broka mlipe kamisheni yake, lakini bei ya gari iende kwa mwenye gari.

Jua vikomo. Kwenye M-PESA, muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na kwa siku huzidishi Sh500,000. Bei ya gari mara nyingi inapita hapo. Usikubali kuigawa kwa nambari nne za watu wanne ili “imalizike leo”. Kiasi kikubwa kipitishe benki, kwa akaunti yenye jina la mwenye gari.

Malipo ya kwanza yawe madogo, na yatoke baada ya kuliona gari, kuliendesha, na fundi wako mwenyewe kulifungua. Fundi wako, si wa muuzaji. Mwambie alianzishe likiwa baridi, asubuhi ya Nyeri, kabla jua halijatoka. Injini yenye siri husema ukweli saa hiyo. Andikeni karatasi yenye tarehe, kiasi, nambari ya muamala na sharti la kurudisha. Ukishatuma pesa kwa hiari yako na mpokeaji akaitoa, kurudishiwa si jambo la kubonyeza kitufe.

Salio kubwa litoke wakati uhamisho wa umiliki unafanyika. Mwenye gari anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe unakubali kwenye yako. Asiyeweza kuanzisha uhamisho hana gari la kukuuzia, hata kama ana funguo. Na PIN yako ya simu haihusiki popote katika kazi hii. Hakuna hatua inayoihitaji isipokuwa vidole vyako mwenyewe.

Ukikopa, angalia mkopeshaji. Benki Kuu, CBK, huchapisha orodha ya watoa mikopo wa kidijitali waliopewa leseni. Uliza kama riba ni ya salio linalopungua au ya kiasi chote cha mwanzo. Zote mbili zinaweza kuitwa “asilimia 18”, lakini ile Sh900,000 ya mfano wetu ikitozwa kwa kiasi chote cha mwanzo, riba ya miaka mitatu ni Sh486,000. Kwa salio linalopungua ni kama Sh271,000. Swali moja, tofauti ya Sh215,000.

Mwisho, usinunue gari la pesa zako zote. Ukiwa na Sh350,000, jifanye una 280,000. Ile 70,000 ifungie kwenye akiba ya simu usiyoweza kuitoa kwa hasira, na uiite jina lake: gereji. Gari la 2012 litaiomba mwezi wa pili. La 2019 litaiomba pia, ila litachelewa kidogo.

Kwa hivyo yule jamaa wa gereji akikuuliza unatafuta la mwaka gani, usimjibu leo. Omba stetimenti kwanza, uzungushie duara ule mwezi, halafu umjibu.